Mashine Thelathini na Meni ya Mlangoni

Kwa miaka tisa nilipiga magoti mengi kila asubuhi kuliko mtawa yeyote wa Tabora, na wala sikuwa nasali. Nilikuwa nawasha kompyuta.

Chuo chetu cha uuguzi kina chumba cha kompyuta chenye mashine thelathini, na aliyepanga meza zake alikuwa na ugomvi na binadamu. Sipiyu zote zimewekwa chini, nyuma kabisa, zimeegemea ukuta, ambako kitufe cha kuwashia hufikiwa na mjusi au na mfanyausafi. Mimi nilikuwa mfanyausafi. Basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafagia, napiga deki, halafu naingia chini ya meza ya kwanza, nabonyeza, natoka kinyumenyume, naingia ya pili. Nikifika ya thelathini, ile ya kwanza bado inafikiri. Zilikuwa mashine za zamani, za msaada, zinazoamka kama mgeni aliyeshiba ugali wa harusi: zinaunguruma, zinapumzika, zinaunguruma tena. Siku ambazo goti langu la kushoto limegoma, wanafunzi waliingia saa mbili wakakuta nusu ya skrini ni nyeusi, na kipindi kikaliwa hivyohivyo.

Sasa, mimi ni Mnyamwezi wa kuzaliwa. Bibi yangu alisema babu yake alikuwa kirangozi, yule mtu anayetangulia mbele ya msafara na kuuamsha alfajiri kwa ngoma, na kwamba ukoo wetu peke yake ulibeba nusu ya mizigo yote iliyotoka Tabora kwenda Bagamoyo. Nusu ya pili, alisema, ilibebwa na majirani, tena kwa kulalamika. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba kwetu hatukubali kushindwa na mzigo, na hatupendi kumwamsha mtu mara mbili.

Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na nane, katika darasa moja la Gongoni lenye viti vya watoto. Tulikaa magoti yakigusa videvu: muuza mitumba, dereva wa bajaji, mpishi wa mahindi ya kuchoma, na mimi na ndoo yangu ya deki mlangoni kwa sababu nilitoka kazini moja kwa moja. Hisabati nilianguka mara mbili. Ya tatu nikapita, na matokeo yalipotoka nilipiga kigelegele kimoja ambacho nina hakika Igunga walikisikia wakadhani ni basi. Cheti kipo sebuleni ndani ya fremu, juu ya televisheni. Mgeni akija kuangalia taarifa ya habari, anaangalia kwanza elimu yangu.

Baada ya hapo nikachukua kozi ya kompyuta ya miezi sita, nayo ya jioni. Huko ndiko niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kompyuta iliyozimwa inaweza kuwashwa na kompyuta nyingine iliyo mbali, kwa kupitia kebo ya mtandao. Mwalimu alilisema kwa sentensi moja, akapita. Mimi sikupita. Nilibaki palepale, goti langu likimsikiliza.

Mwaka uliofuata chuo kikabandika tangazo la kutafuta mtunza chumba cha kompyuta. Sifa: stashahada. Nililisoma nikiwa na fagio mkononi, nikaliegemeza fagio ukutani, nikaenda kugonga ofisini kwa Mkuu wa chuo. Mkuu wetu ni mama mfupi, mkali, mkunga aliyekaa wodi ya wazazi miaka mingi kabla hajapewa ofisi, na mpaka leo anaongea na kila mtu kana kwamba ana uchungu wa kujifungua.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Haya, lete, usibane."

"Naomba ile kazi ya chumba cha kompyuta."

"Una stashahada?"

"Nina cheti cha kidato cha nne, nina cheti cha kozi, na nina goti."

"Goti la nini tena?"

"Goti linalojua kila mashine ilipo. Mkuu, mimi naweza kuziwasha zote thelathini nikiwa nimekaa hapa kwenye kiti chako."

Akavua miwani. "Kiti changu?"

"Au hicho cha wageni."

Alinitazama muda ambao msafara mzima ungeweza kupita katikati yetu. Halafu akasema, "Jumatatu bodi inakaa humu kuchagua majina ya kuitwa kwenye usaili. Saa mbili kamili. Ukiziwasha mbele yao, jina lako nalipeleka mimi, na habari ya stashahada nitaigombania mimi. Zisipowaka, unarudi kwenye fagio lako na hunigongei tena mlango kwa jambo hili. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Leo Jumanne. Nenda."

Nikatoka nikiwa nimeshapandishwa cheo kichwani mwangu. Kilichobaki ni kazi yenyewe tu.

Kazi yenyewe si uchawi, ingawa nyumbani niliieleza kama uchawi. Kila kompyuta ina kadi ya mtandao, na kadi hiyo ina anwani yake ya kiwandani, herufi na namba kumi na mbili. Ukiizima mashine vizuri, kadi haifi. Inabaki inanyonya umeme kidogo mno, na taa yake ndogo ya kijani kule nyuma inaendelea kupepesa. Hilo ndilo sikio. Wewe, ukiwa kwenye mashine nyingine ya mtandao huohuo, unatuma ujumbe wenye anwani ya yule unayemtaka, umerudiwa mara kumi na sita. Chumba kizima kinasikia, lakini anaamka mwenye anwani yake tu. Mara kumi na sita! Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana ndiyo idadi kamili ninayomwita mume wangu siku ya Jumapili.

Wanafunzi walikuwa likizo, basi Jumatano nilishinda chini ya meza na daftari, nanakili anwani. Herufi na namba mia tatu na sitini, kwa mkono, kwa mwanga wa simu, buibui wakinisomea nyuma ya bega. Alhamisi niliingia ndani ya kila mashine, kwenye ile mipangilio ya chini kabisa ambayo mafundi wanaiita bayosi, nikairuhusu kadi iamshe mashine. Ijumaa nikagundua kwamba mfumo wenyewe una kitu cha kuzifanya ziwake haraka, na hicho ndicho kilikuwa kinaziba masikio ya baadhi ya mashine. Nikakizima kwenye zote thelathini. Zikawaka polepole zaidi, lakini zikawa zinasikia. Nilikubali; hata mimi nikiamshwa naomba nafasi kidogo.

Hapa lazima nieleze habari ya meni. Mlangoni mwa chumba kile, juu kidogo ya kichwa changu, kuna meni swichi inayokata umeme wote wa chumba. Mwaka wangu wa kwanza pale, mvua za mwanzo, radi ilishuka na waya ikaua mashine tatu kwa mpigo. Radi za Tabora hazina salamu. Mimi, mfanyausafi mpya, nikachukua kadi ngumu na kalamu nyekundu, nikaandika: UKITOKA, SHUSHA MENI. RADI HAINA RAFIKI. Nikaibandika chini ya meni. Mkuu akanisifu mbele ya wafanyakazi wote, na toka hapo hakuna mkufunzi, mwanafunzi wala mgeni aliyethubutu kutoka bila kushusha meni. Ni kanuni niliyoitunga mimi, na kwa miaka tisa hakuna mashine nyingine iliyokufa kwa radi. Naomba nisifiwe tena hapa.

Jumamosi nilifanya jaribio. Nilikuwa na msaidizi mmoja, mlinzi wa chuo, mzee wa Kimoravian anayepiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisani kwao, mtu ambaye akisema ndiyo ni ndiyo. Mimi nilikaa ofisini kwa Mkuu, aliyekuwa ameniachia ufunguo. Yeye nilimweka chumba cha kompyuta, ng'ambo ya uwanja, simu sikioni.

"Babu, umeingia?"

"Nimeingia. Kimya kabisa."

"Itazame ile ya kwanza, ya mlangoni." Nikabonyeza.

"Mama wee!"

"Nini?"

"Imekohoa!"

"Imewaka?"

"Imewaka yenyewe! Humu hakuna mtu! Mimi sijagusa, Mungu shahidi!"

Nikabonyeza ya pili, ya tatu, halafu nikazitumia ujumbe zote zilizobaki kwa pamoja. Kwenye simu nilisikia mvumo ukipanda, kama mzinga uliogongwa na mrina asali mzembe, na katikati ya mvumo huo sauti ya mzee ikihesabu huku inakimbia kati ya meza. Zote thelathini. Nilicheza ofisini kwa Mkuu, peke yangu, mpaka kalenda ikaanguka.

Nilipovuka uwanja kwenda kuzizima nilimkuta amekaa, anajipepea kwa kofia. "Kumbe ni kama sisi alfajiri ya Pasaka," akasema. "Tunapita na tarumbeta, mwenye sikio anaamka."

"Ndiyo hivyo, Babu. Ila hii tarumbeta inamtaja mtu jina mara kumi na sita."

"Huyo atakuwa mlevi."

"Sasa nisikilize. Meni ya mlangoni usiiguse. Leo, kesho, mpaka Jumatatu. Ikishushwa, hizi zinakuwa viziwi."

"Na radi?"

"Mwezi wa saba huu, radi itoke wapi? Usiguse kabisa."

"Sigusi."

Nikazima mashine zote moja moja, nikafunga chumba, nikamkabidhi funguo, nikamrudia tena kwamba asiguse. Nikaondoka nikiimba. Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nachagua gauni la usaili.

Jumatatu sikuingia kufagia chumba kile, nisije nikaharibu kitu, na saa mbili kamili bodi ilikuwa imekaa ofisini kwa Mkuu, watu watano. Mmoja wao, mzee wa suti ya kaki aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule moja huko Goweko, alinitazama juu mpaka chini.

"Huyu si mama wa chai?"

"Wa usafi, mheshimiwa. Wa chai ni mwenzangu."

"Aa. Na leo unatufagilia kompyuta."

Wakacheka, na mimi nikacheka, maana lilikuwa neno zuri. Mkuu hakucheka. Alinyanyuka kwenye kiti chake, akakigeuza kunielekea. "Kaa," akasema.

Nikakaa. Kiti kile ni laini, nisiwafiche. Mbele yangu ni kompyuta ya Mkuu, kushoto ni dirisha, na ng'ambo ya uwanja ni madirisha ya chumba changu, mapazia yamefunguliwa ili wote waone skrini zikiwaka. Nikaeleza kidogo. Nikabonyeza.

Hakuna kitu.

Nikabonyeza tena. Madirisha yale yalikuwa meusi kama sufuria la msiba. Nikabonyeza tena na tena. Kama ningekuwa babu wa bibi yangu, ngoma ingekuwa imetoboka na wapagazi bado wanakoroma.

"Labda zinapiga mswaki," akasema mzee wa suti ya kaki.

Jasho likanishuka mpaka kwenye mausi. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilijua anahesabu dakika kama anavyohesabu mapigo ya moyo wa mtoto.

"Naomba dakika tano," nikasema, nikatoka. Uwanja ule nina hakika niliuvuka kwa hatua nne.

Mzee wa tarumbeta alikuwa amesimama mbele ya chumba, amevaa koti la bendi kwa heshima ya bodi.

"Babu! Umeshusha meni!"

"Siku hizi shikamoo haipo?"

"Shikamoo, Babu, umeshusha meni!"

"Marahaba. Sijashusha. Nilisema sigusi, na sikugusa."

Akafungua mlango. Nikainua macho. Meni ilikuwa chini. "Na hii ni nini?"

"Iko hivyo toka Jumamosi. Wewe ndiye uliyeishusha. Ulifunga madirisha, ukazima taa, mkono ukapanda juu, taka! Ukatoka, ukanipa funguo, ukaniambia, Babu, usiguse. Nikasema moyoni, huyu anajua anachofanya, ana cheti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikatazwa kugusa mara tatu. Kusema sikuambiwa."

Niliutazama mkono wangu wa kulia kama mkono wa mwizi. Miaka tisa ulikuwa umepanda na kushuka pale bila kuniuliza, na Jumamosi ulifanya kazi yake kama siku zote, wakati mimi naimba. Na chini ya meni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: RADI HAINA RAFIKI.

Nikaipandisha. Nyuma ya meza, taa za kijani zikaanza kupepesa moja baada ya nyingine. Vitufe sikuvigusa, ingawa goti lilishaanza kuinama lenyewe. Wakati narudi uwanjani nilikuwa na uongo mmoja mzuri sana, umevaa na kuchana nywele: umeme ulikatika. Nani wa Tabora angeubishia? Na kweli, nilipofungua mlango Mkuu mwenyewe akanifungulia njia.

"Umeme ulikatika?" akauliza.

Nikawatazama wote watano. Nikakumbuka hisabati niliyoanguka mara mbili, ambayo sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilipita mara ya kwanza. Ndiyo, natia chumvi mimi, nawatia hata wale majirani wa mizigo ya Bagamoyo. Lakini kazi siitii chumvi.

"Haukukatika, Mkuu. Nilizima mwenyewe Jumamosi nikitoka, kwa mazoea. Tangazo la kushusha meni nililiandika mimi, na mwanafunzi wake mtiifu kuliko wote ni mimi."

Mzee wa suti ya kaki akaegemea mbele. "Sasa itakuwaje?"

"Sasa zinasikia. Ila mheshimiwa, nisiwadanganye. Mashine za zamani zikikatiwa umeme kabisa, kuna nyingine husahau kusikiliza mpaka ziwashwe kwa mkono mara moja. Sijui zitagoma ngapi."

"Bahatisha."

"Kumi."

Nikabonyeza. Dirisha la kwanza likawa buluu. Halafu la pili. Halafu kutoka ng'ambo ikaja sauti ya mzee aliyezoea kupiga tarumbeta, inahesabu kwa nguvu zote za mapafu yake: "Saba! Nane! Mama, tisa!" Bodi nzima ikasimama dirishani. "Kumi na tisa! Ishirini!" Mjumbe mmoja akaanza kuhesabu naye. Ilipofika ishirini na sita ikakaa kimya kidogo, kisha ikaita kwa huzuni: "Hizi nne zimekataa!"

"Twende tukazione," akasema mzee wa suti ya kaki.

Tukavuka wote. Mvumo wa chumba ulitupokea mlangoni. Nikawaonyesha zile nne, na nikaanza kujikunja kwenda chini ya meza, lakini yule mzee akaninyooshea mkono. "Ngoja. Kitufe kiko wapi?"

"Chini, nyuma kabisa, mheshimiwa. Lakini suti..."

Akaingia. Tuliona visigino tu. Akagonga kichwa, akasema neno ambalo walimu wakuu hawasemi, mashine ikawaka, halafu akashindwa kutoka. Mimi na mlinzi tulimvuta kwa miguu. Akasimama, kaki imegeuka vumbi, utando wa buibui kwenye sikio, anahema kama aliyepanda mlima.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unafanya?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Zote?"

"Thelathini."

"Kila siku?"

"Miaka tisa. Jumapili napumzika."

Akajikung'uta, akamgeukia Mkuu. "Huyo mwenye stashahada, naye ataingia humo?"

"Muulize," akasema Mkuu. "Mimi jina la huyu nimeshaliandika."

Usaili nilifanya, kazi sikupewa kama zawadi. Waliniuliza maswali mengi, na lile la mwisho lilikuwa kosa gani limewahi kunifundisha kazi. Walilijua jibu, walitaka tu kunisikia nikilisema tena. Wiki mbili baadaye Mkuu akanikabidhi barua na akanisukuma nje ya ofisi kwa sababu nilianza kulia kwenye mafaili yake.

Sasa nina meza yangu. Asubuhi nakaa, nabonyeza mara moja, nasema "Mwangaluka" kama tunavyosalimiana kwetu, na chumba kinaitikia kwa mvumo. Tangazo jipya linasema meni ishushwe siku ya mawingu tu, tena na mlinzi, kisha anipigie simu niwahi kesho yake kuipandisha. Na siku hiyo zile nne nazipigia magoti, maana sipendi zidhani nimejisahau.

Mkono, lakini, haujasikia habari ya cheo. Kila jioni nikitoka unapanda. Nimechukua kipande cha fagio langu la zamani nikakifunga kwenye meni kwa utepe wa kitenge, ili mkono ukipanda uguse njiti kwanza. Mzee wa tarumbeta anasimama pale nje akiniangalia nikifunga mlango, na siku hizi anasema bila kuambiwa.

"Mama, leo mkono umepanda tena."

"Umeshusha?"

"Umegusa fagio, umerudi."

"Basi funga geti, Babu."